Viatu vya Jubilei

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri na mashavu yameanza kuonekana, kwa hiyo usimsikilize Baba akikwambia kazi hii itanimaliza. Mwambie yeye aangalie mgongo wake. Akiwa kwenye cherehani awe anasimama mara moja moja kujinyoosha, hayo majoho ya kwaya hayatamkimbia.

Nimekupigia simu mara nyingi tangu niondoke. Ukipokea unasema "haya, haya, sawa mwanangu," halafu unakata kabla sijamaliza salamu. Mara ya mwisho nilikuuliza kama paa la jikoni limetengenezwa, ukanijibu "Amina." Basi nakuandikia kama ulivyotaka. Barua zangu atakuwa anazipeleka dereva wetu kwenye ofisi ya mabasi. Tunamwita Polepole, kwa sababu hajawahi kwenda polepole hata siku moja.

Timu yetu ni watu watatu tu. Yuko Fundi Mkuu, mwanamke mwenye maneno machache na sala tano kwa siku. Yuko Polepole, anayeamini magurudumu yake. Na mimi, Tarumbeta wako, mbeba waya. Tunazunguka mji hadi mji tukifunga vipaza sauti katika nyumba za ibada, na kampuni haichagui: mwenye mnara, mwenye kengele, mwenye ngoma, wote wateja.

Sasa nikupe kituko, ila usimsomee mchungaji. Wiki iliyopita tulikuwa msikitini, kati ya adhuhuri na alasiri. Nilijifunga mtandio, nikavua viatu, nikakaa kwenye mashine chini ya ngazi za mnara, na Fundi Mkuu alikuwa juu anakaza waya. Watu wakipima maikrofoni husema "moja, mbili, moja, mbili." Mimi namba hunichosha. Nikadhani laini ya mnara imezimwa, nikaimba. Niliimba wimbo wako wa asubuhi, ule uliotunga mwenyewe, sauti ya pili, mwanzo mpaka mwisho. Mtaa mzima ukausikia kutoka juu.

Fundi Mkuu alishuka ngazi kwa makalio. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Imamu akaja taratibu, akanitazama, akasema, "Binti yangu, sauti unayo. Ila huo wimbo mbona kama umekatwa vipande?" Nikamweleza kwamba hiyo ni sauti ya pili tu, zile nyingine tatu ziko nyumbani. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi pima kwa namba," akasema, "hizo tatu zisije zikakufuata huku." Kisha tukaletewa chai.

Alasiri ilipofika, adhana ilipita kwenye spika nilizozifunga kwa mikono yangu. Nilisimama nje nimeshika viatu, nikaisikia safi, bila mkwaruzo, na machozi yakanitoka kwa furaha. Imani yangu ilibaki pale pale ilipokuwa. Nilifurahi tu, Shangazi, na nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Tarumbeta


27 Februari

Tarumbeta,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba, maana najua vituko hujavimaliza.

Baba yako mzima. Mgongo anao, anautumia kukataa kazi za ndani. Majoho yanakwenda vizuri, rangi ya zambarau, na amenionyesha shingo alivyoikata. Nimemsifu, hakuitikia, lakini jioni alikata kitambaa kingine akipiga mluzi. Nadhani alikuwa anapiga mluzi. Mdomo ulikaa hivyo.

Mimi nina shida za kawaida. Birika langu la filimbi limeharibika, halipigi tena. Nimenunua jingine, nalo bubu. Vitu vya siku hizi ni vya kuangalia tu. Limenikaukia motoni mara mbili, na baba yako akaja mbio kutoka kwenye cherehani na futi shingoni. Ndege waliokuwa wanatusumbua juu ya paa nao wamehama. Na mchungaji ameanza kuhubiri ndani ya kola yake, neno moja linatoka, matatu anameza.

Kwenye kwaya ndiko kwenye kazi. Sauti ya kwanza wamekuwa wavivu sijawahi kuona. Wanafungua midomo na hakuna kinachotoka. Sauti ya nne ndio watu, hao wababa wananijaza moyo. Sasa sikiliza. Jubilei ya kwaya ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Nataka uwe umerudi, na usirudi kama mgeni. Nataka usimame mbele, kwenye nafasi yangu. Nimechoka kidogo, basi, usinichimbe.

Usipokuja watampa Bwana Kinanda. Unamkumbuka, yule anayebonyeza kitufe kimoja na ngoma inajipiga yenyewe. Ameshasema nyimbo zangu ni nzuri "kwa wakati wake." Akishika yeye, wimbo wa asubuhi utabaki huko huko kwenye mnara ulikouacha.

Nimejinunulia viatu vya jubilei, vyeusi, kisigino cha kutosha. Jukwaa letu ni la mbao na kisigino changu ndicho kinachowashikia mwendo tangu hujazaliwa, kwa hiyo sitaki maneno kuhusu magoti yangu. Naona wewe huko unavua vyako kila mlango. Vua, ni adabu. Lakini kwetu tunaingia tumevaa, na sitaki usahau. Nikuulize wazi: bado ni wetu?

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na mafua, nikapona kwa kucheka. Polepole alinisikia nikiisoma, anasema kwenye gari lake pia kuna kitufe kama cha Bwana Kinanda, ila hakijawahi kufanya kazi. Mwambie Baba suruali aliyonishonea inabeba bisibisi zote, na Fundi Mkuu anataka kama hiyo.

Nianze na lililokuuma. Bado ni wenu. Jumapili nikipata kanisa naingia, nakaa nyuma, natafuta sauti ya pili na kujipenyeza. Nikikosa kanisa naimba garini, na Polepole anaongeza mwendo. Hilo lisikunyime usingizi.

Ila kurudi kushika kwaya, hapana. Nasema mapema ili Baba asinishonee joho. Mbele ni pako. Na mimi huku nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, acha nikueleze ilivyo usije ukaiita ujeuri.

Tulifunga spika kwenye hekalu la Makalasinga. Mlangoni unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa. Kazi ilipoisha, mama mmoja mwenye funguo za jikoni alinishika mkono akaniketisha chini kwenye mstari. Kulia kwangu mwenye duka kubwa, kushoto mfagiaji wa barabara, wote chini, wote sahani za aina moja. Hakuna aliyeniuliza nasali wapi. Nilipomaliza kula yule mama akanipa ndoo ya maji ya kunywa niwapitishie wengine. Nikapita mstari mzima miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, watu wananyoosha vikombe, nikajikuta naimba kimoyomoyo. Nilitoka pale mwepesi mpaka Fundi Mkuu akaniuliza kama nimeongezwa mshahara.

Halafu tukaitwa na watu wengine, hao ungewapenda. Ibada yao ni kukaa kimya. Chumba kina viti vilivyozunguka, hakuna mimbari, hakuna kinanda. Fundi Mkuu akawauliza spika ziwekwe wapi. Wakasema hawataki spika, wanataka tuwaondolee kelele. Kulikuwa na taa za darini zinazonguruma na jokofu la jirani nyuma ya ukuta. Tulishinda siku nzima tukizitafuta kelele na kuziua moja moja, kazi ya ajabu kwa mafundi wa vipaza sauti. Jioni wakatukaribisha tukae nao. Nilidhani nitasinzia. Nilisikia saa ya mkononi ya Fundi Mkuu, nikasikia njiwa nje, nikasikia koo langu likimeza mate, na roho ikatulia tuli. Polepole alikuja kutuchukua tu, akakaa mpaka mwisho. Kurudi aliendesha polepole.

Sasa swali dogo la kifundi. Birika lako likichemka, mvuke unatoka kwenye filimbi au hautoki? Na Baba naye halisikii?

Tarumbeta


15 Aprili

Tarumbeta,

Marahaba. Sisi wazima. Paa la jikoni limetengenezwa. Baba yako amemaliza majoho yote isipokuwa langu, anataka kunipima upya. Yeye anasema nimekonda, mimi nasema futi yake imerefuka.

Nimekuandikia habari za kwaya, umenijibu habari za birika. Birika ni birika. Usinifanyie ufundi mimi, niliyekufundisha kuimba kabla hujajua kufunga kamba za viatu, hivyo viatu unavyoviacha milangoni mwa watu. Huyo mama wa funguo namheshimu, na chakula chake nimekihesabu kuwa kimeliwa na familia yetu. Hao wa kimya waambie wakija huku hawatahitaji fundi. Siku hizi kanisani kwetu ni kimya tosha. Watu wamekuwa wavivu wa kuitikia, ndiyo maana yangu.

Nikueleze yaliyonikuta kabla hujaelezwa na mwingine. Jumapili iliyopita niliwapa ishara ya kuingia ubeti wa mwisho, kumbe walikuwa hawajamaliza wa kabla yake. Nusu wakanifuata, nusu wakabaki. Bwana Kinanda akapanda juu na kinanda chake kufunika aibu. Baada ya ibada kamati wakaniita kwenye kile chumba cha viti vya plastiki, wakaniambia nipumzike, kwa heshima zote. Nikawaambia heshima hizo wazifungie kabatini. Wamenipa mpaka mwisho wa Julai nitaje jina la atakayesimama mbele siku ya jubilei. Nisipotaja, watataja wao, na unajua watamtaja nani.

Baba yako ameingia tabia ya kunigusa bega kabla ya kusema nami. Juzi pikipiki ilinipita karibu ichukue upindo wa gauni, na mwenyewe akasimama kunikaripia eti amepiga honi. Hakupiga.

Nakuuliza mara ya pili na sitaki kuuliza tena. Unarudi kusimama mbele, au hurudi?

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi wangu,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, maana nina jambo na nisipoliandika haraka nitakimbia.

Alipiga honi, Shangazi. Birika linapiga filimbi, yote mawili yanapiga. Ndege hawajahama. Sauti ya kwanza wanaimba kama walivyoimba siku zote. Mlio mwembamba ndio unaotangulia kupotea, halafu maneno ya watu yanaanza kuonekana kama yanamezwa. Mlio mnene unabaki, ndiyo maana sauti ya nne peke yao ndio unaowasifu. Kazi yangu kila siku ni kutafuta mlio uliopotelea kwenye waya, na nimezisoma barua zako mpaka zimechakaa kwenye mikunjo.

Masikio yako yanazeeka. Nimeandika. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeshuka chini ya noti aambiwe siku hiyo hiyo, asiachwe aendelee kwa huruma. Kwa hiyo nakwambia, na nimechelewa.

Nakwambia ili usiiachie kwaya. Nisikilize mpaka mwisho. Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye hekalu la Wahindu. Viatu mlangoni, kama kawaida yangu siku hizi. Ndani kuna jukwaa la mbao wanapokaa wapiga ngoma, na ubavuni kwao kuna mzee mmoja, kiziwi kabisa, amekalia kigoda na nyayo zake zimekaa kwenye mbao. Niliuliza anafanya nini pale. Wakaniambia ngoja utaona. Mpiga ngoma mmoja akachelewa kidogo tu, kiasi ambacho mimi mwenye masikio nilikipuuza, na yule mzee akamtupia kitambaa cha kufutia jasho. Watu wakacheka, mpiga ngoma akarudi kwenye mwendo. Ilipoisha nilienda nikasimama pale pale kwenye mbao, miguu mitupu, nikamwomba mpiga ngoma apige tena. Shangazi, ngoma ilinipanda mpaka magotini. Nilicheka peke yangu mbele za watu na mzee akanipigia makofi.

Jukwaa letu pia ni la mbao, na chini ni wazi, tulikuwa tunajificha humo utotoni. Nitakuja kabla ya jubilei. Nitaweka maikrofoni mbele ya kila sauti na spika kubwa chini ya jukwaa, uso wake juu, ikuletee kwaya nyayoni. Kisha nitaondoka kuendelea na kazi yangu. Ombi langu la kwanza ni umwone daktari wa masikio, kuna vifaa vidogo vya kuvaa na vinasaidia kweli. La pili, siku hiyo uvue viatu.

Sirudi kushika nafasi yako. Naja kukushikia waya. Nakupenda sana. Ningeweza kuyasema haya kwa simu, lakini ungenijibu Amina.

Tarumbeta


18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua. Ofisi ya mabasi wameapa hakuna kitu, na Polepole amekwenda kuwaapisha tena.

Tuko kwenye mji wa baridi. Tumefunga spika kwenye kanisa lenye ubani mwingi, nikapiga chafya katikati ya ibada na padri akanibariki papo hapo bila kusimamisha wimbo. Nilitamani ungekuwepo uone. Kila ninapofurahi siku hizi natafuta karatasi, halafu nakumbuka kwamba labda umenikasirikia.

Kama umekasirika, niandikie hasira. Nitaipokea kwa mikono miwili.

Tarumbeta


2 Julai

Tarumbeta,

Marahaba.

Barua yako ya Mei niliisoma mara moja, nikaitupa kwenye kikapu cha vipande vya vitambaa. Baba yako akaiokota, akaisoma, akanirudishia imekunjwa ncha kwa ncha. Akateleka birika, akanishika mkono, akakiweka kiganja changu kando ya filimbi, mbali kidogo nisiungue. Nikausikia mvuke unavyotetema. Lilikuwa linapiga. Nikakaa chini jikoni nikalia, na yeye akakaa chini pia, na mgongo wake ule.

Nilikukasirikia, mwanangu, usidhani sikukukasirikia. Nilitembea na hasira hiyo sokoni, kanisani, mpaka kwenye mazoezi, nikawafokea sauti ya kwanza wasio na kosa. Nilitaka uwe umekosea. Lakini nilikuwa najua tangu siku uliyoondoka. Ulisimama mlangoni na begi, ukaniambia kitu, nikatikisa kichwa na kutabasamu kama nimekisikia. Gari likaondoka. Mpaka leo sijui uliniambia nini, na nimeogopa kuuliza.

Nilipokuomba urudi nilikuwa natafuta mtu wa kusimama mahali pangu watu wasijue kwa nini nimetoka. Umenikatalia, ukaniambia na sababu yake. Hakuna mwingine ambaye angethubutu. Baba yako alijua akabaki kunigusa bega.

Kwa daktari wa masikio tumekwenda naye. Amenipima kwenye kijumba cha kioo, nimebonyeza kitufe kama Bwana Kinanda. Kifaa kitafika Septemba, na ameniambia kitasaidia lakini muziki nitajifunza upya. Sawa, nimefundisha wagumu kuliko mimi.

Kwenye mazoezi nimewaambia kwaya kweli. Nimesimama nikasema masikio yangu yamezeeka, lakini kusimama mbele sijachoka, na sauti ya kwanza wakiingia wanyooshe mkono nione. Sauti ya nne walilia, wababa wazima. Kamati nao nimewapelekea jina la atakayesimama mbele siku ya jubilei. Ni langu.

Njoo na spika yako. Ila viatu sivui. Nimevinunua kwa ajili ya siku hiyo, na kanisa letu si hekalu la mtu.

Shangazi yako


20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, juu kabisa, na Fundi Mkuu akanishusha kwanza ndipo akaniacha nilie.

Nakuja Alhamisi ya wiki ya jubilei. Fundi Mkuu ametoa spika ya kampuni, anasema ni ya majaribio, na hataki kushukuriwa. Polepole ataniendesha na amekubali kulala sebuleni. Habari za viatu tutazungumza uso kwa uso, nitazungumza nikiwa nimekugeukia na mdomo wazi.

Pale mlangoni nilisema, "Shangazi, kumbuka kuzima birika." Hicho tu. Ungelisikia lisingekukaukia.

Tarumbeta


3 Septemba

Tarumbeta wangu,

Marahaba, na safari njema, ingawa ulipoondoka Jumatatu nilikuwa bado nimelala na baba yako akakataza nisiamshwe. Polepole ameacha soksi moja sebuleni. Nimeifua. Mwambie hiyo nyingine aitunze.

Siku ile kila mtu alikuwa anakushika mkono, hatukupata nafasi ya kukaa. Na wakati wa ibada ulikuwa kule nyuma ya nguzo kwenye mashine zako, hukuona uso wangu. Nakueleza mimi sasa.

Nilipanda nimevaa viatu, kama nilivyokwambia Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Nilitazama mikono, nilitazama midomo, kisigino kikashika mwendo, na watu wakafurahi. Lakini mwanangu, nilikuwa nasimamia kwaya iliyo upande wa pili wa kioo. Nikasema moyoni, kama ndivyo itakavyokuwa, heri kijana na kitufe chake.

Ukafika wimbo wa asubuhi. Niliinua mikono, wakaanza, na kwenye ubeti wa kwanza tu nikapotea. Sikujua wako wapi. Nilimwona Bwana Kinanda ananyanyua vidole ili anifunike tena. Nikamnyooshea kidole, akaviweka magotini. Nikawasimamisha wote.

Kisha nikainama. Najua kanisa zima lilidhani nimeanguka, maana baba yako alinyanyuka kwenye benchi. Nikafungua kamba, nikavivua, kimoja halafu kingine, nikaviweka ukingoni mwa jukwaa vikiwa vimeelekea nje, kama unavyosema mnaviweka huko milangoni. Nadhani watu walinyamaza. Kwangu siwezi kuapa. Nikasimama na soksi, nikaona haitoshi, nikavua na soksi.

Tukaanza upya. Sauti ya nne walinifika kwanza, kwenye visigino. Sauti ya tatu wakapanda nyuma yao. Sauti ya kwanza sikuwapata, nisikudanganye, lakini niliwaona mikono imenyooka na nikajua walipo. Niliongoza wimbo wangu nikicheka, mwanangu, mdomo wazi mbele ya askofu mgeni, na furaha ile uliyokuwa unaniandikia nikaijua ni ipi. Mchungaji aliniuliza baadaye kama nimeanzisha dini mpya. Nimemwambia akasome Maandiko vizuri, kwetu pia kuna walioambiwa wavue. Jumapili hii sauti ya nne wote wamekuja wakavua, na harufu yake tutaizoea.

Kwa kamati nimebaki. Bwana Kinanda amekuja nyumbani kuniomba nimfundishe kusoma mikono, nimemwambia aje Jumanne bila kinanda.

Limebaki moja. Ulinieleza mwenyewe kwamba maikrofoni zilikuwa mbele ya kwaya, moja kwa kila sauti, na nilizikagua. Sauti ya pili walikuwa wengi, wakanifika kama kundi, vizuri. Lakini ndani yao kulikuwa na mmoja aliye karibu kuliko wote, anayevuta pumzi mahali nilipomfundisha mtoto mmoja kuvuta pumzi, na hakutoka mbele. Alitoka nyuma ya nguzo.

Ulisahau kuizima maikrofoni yako kama kule msikitini, au hukusahau? Usinijibu. Safari hii zile nyingine tatu zilikuwepo.

Shangazi yako